Roketi haibebi mafuta tu: Haja ya istilahi faafu za safari za angani

Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya makala kuhusu safari za kurudi mwezini. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kuteleza. Hata hivyo, sentensi moja ilinikwaza: "Chombo kitajazwa mafuta kikiwa angani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni oksijeni." Nikamuuliza, "Tangu lini oksijeni ikawa mafuta?" Akacheka, kisha akanijibu, "Sasa Profesa, ningeandika nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala yangu ya leo.

Gari linapotoka Nairobi kwenda Mombasa hubeba petroli pekee. Hewa ya kuichomea petroli hiyo hulipata njiani, tena bure. Roketi haina bahati hiyo. Inakokwenda hakuna hewa, hivyo sharti ijibebee kitu cha kuchomwa pamoja na kitu cha kukichomea. Cha kwanza ni fueli. Cha pili ni kioksidishaji, ambacho aghalabu ni oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kiowevu. Wanasayansi wana neno moja la kuvijumuisha vyote viwili. Sisi tunasema "mafuta", neno ambalo tayari limeelemewa: kuna ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya gari.

Je, huku ni kutafuta makosa tu? La hasha! Tazama hesabu. Kwa kila tani ya mafuta taa, roketi hubeba zaidi ya tani mbili za oksijeni. Ikitumia methani, hubeba takriban tani tatu na nusu. Ikitumia haidrojeni, hukaribia tani sita. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya hayo tuyaitayo mafuta si mafuta kamwe.

Uchaguzi wenyewe si rahisi, maana kila fueli ina kasoro zake. Haidrojeni hutoa msukumo mkubwa kuliko zote kwa kila kilo. Lakini ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo ya haidrojeni kiowevu ina uzito wa kilo 71 tu, kwa hivyo tangi lake huwa kubwa ajabu. Isitoshe, huchemka ikifika nyuzi 253 chini ya sufuri.

Mafuta taa yaliyosafishwa sana hayasumbui hivyo. Hujaa mengi katika tangi dogo na hayahitaji baridi kali. Ndiyo yaliyotumiwa na roketi ya Falcon 9 iliyobeba setilaiti yetu ya Taifa-1 mnamo Aprili 15, 2023. Kasoro yake ni masizi, na yeyote aliyewahi kusafisha chemni ya taa anajua ninalolisema.

Methani iko katikati. Haina masizi mengi. Aidha, huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sufuri, karibu na 183 za oksijeni, hivyo matangi yake mawili huhitaji baridi inayokaribiana. Tena inaweza kutengenezwa kwenye sayari ya Mirihi kutokana na kaboni dioksidi na maji. Chombo cha Starship kinatumia methani.

Ipo pia aina ngumu, ambapo fueli na kioksidishaji huchanganywa na kugandishwa pamoja, mithili ya baruti. Roketi ya Scout iliyorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, ilikuwa ya aina hii. Ikishawashwa huwezi kuizima, wala kuijaza upya.

Haja ya kujaza upya inatoka wapi? Chombo kikubwa kama Starship hufika kwenye obiti kikiwa kimemaliza karibu akiba yake yote. Ili kiende mwezini, sharti vyombo vingine vikifuate huko na kukijaza. Hapo ndipo kazi ilipo. Kwenye obiti kiowevu hakitulii chini ya tangi; huelea mabongemabonge yaliyochanganyika na gesi. Hulazimu chombo kisukumwe kidogo ili kiowevu kijikusanye upande mmoja, au kifinywe kwa mfuko ulio ndani ya tangi.

Warusi walifaulu mapema. Mwaka wa 1978, chombo cha Progress 1 kilijaza kituo cha Salyut 6. Lakini viowevu vile, japo vya sumu, havikuhitaji baridi kali. Oksijeni na methani huchemka na kupotea zikipigwa na jua. Machi 2024, Starship ilijaribu kuhamisha oksijeni kutoka tangi moja hadi jingine ndani ya chombo kile kile, hatua ndogo kuelekea huko.

Nilimpendekezea mwanafunzi wangu neno "kisukumio", kutokana na kitenzi sukuma, kwa ruwaza iliyotupa kichujio. Akauliza, "Mbona tusitohoe tu, kama tulivyofanya roketi?" Kutohoa si dhambi. Ila neno ambalo mzizi wake unaeleweka humfundisha msomaji kabla hajafungua kamusi. Ikiwa kuna lililo bora, na liletwe.

Kuna sababu nyingine. Wanasayansi wanayataka sana maji yaliyoganda kwenye ncha za mwezi. Msomaji anayeamini kwamba roketi huendeshwa kwa mafuta tu atashangaa: maji ya nini? Anayejua kwamba sehemu kubwa ya kisukumio ni oksijeni ataelewa mara moja, kwani maji yakitenganishwa hutoa oksijeni na haidrojeni.

Mwanafunzi wangu ameirekebisha sentensi yake. Sasa inasomeka: "Chombo kitajazwa kisukumio kikiwa kwenye obiti, na sehemu kubwa ya kisukumio hicho ni oksijeni." Nimeisoma mara mbili, na sijakwazika.