Pikapu Kuukuu Uani: Furaha ya Baba Isigeuke Ugonjwa wa Mtoto

Ukisimama gatini Nyamisati, pale abiria wanaposubiri boti ya kwenda Kilindoni, Mafia, upepo unaokupiga usoni una chumvi. Upepo huo huo ndio unaokula vyuma vya baiskeli, mabati ya nyumba na magari yaliyoegeshwa uani. Hata hivyo, wapo akina baba wasiokubali kushindwa na kutu. Wana pikapu ya zamani chini ya mwembe au mkorosho: Land Rover, Peugeot 404 au 504, Datsun, au Toyota ya siku nyingi. Kila wakipata nafasi baada ya kazi au siku ya mapumziko, hushika spana na kuifufua kidogo kidogo.

Jambo hili ni jema. Baba hukaa nyumbani badala ya kilabuni, kijana hujifunza ufundi bila ada, na gari likiwaka familia hupata njia ya kupeleka korosho au samaki Bungu, au kumwahisha mgonjwa hospitali. Hatuandiki ukurasa huu ili kumkataza mtu. Tunaandika kwa sababu uani ndipo pia watoto wanapocheza, mama anapopikia, na kuku wanapodonoa. Fundi wa gereji akimaliza kazi huiacha sumu kazini kwake. Fundi wa nyumbani analala nayo. Basi tuzitazame hatari hizo moja moja, pamoja na kinga yake.

1. RISASI: ADUI WA MTOTO

Risasi tunayosema hapa si ile ya bunduki. Ni madini mazito yaliyomo ndani ya betri, na yaliyokuwa yakichanganywa katika rangi nyingi za zamani. Zamani yalitiwa hata katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo gari lililotembea miaka ya 1960 hadi 1990 linaweza kuwa na masizi yenye risasi ndani ya injini na bomba la moshi, na rangi yenye risasi kwenye bodi.

Baba anapopiga msasa mkavu ili kuondoa rangi ya zamani, vumbi huruka na kutua kwenye mchanga, kwenye vyombo na kwenye nguo. Mtoto anayetambaa huligusa, kisha hutia kidole mdomoni. Mwili wa mtoto huinyonya risasi kwa wingi kuliko mwili wa mtu mzima, na ubongo wake bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama.

Dalili zake hujificha. Mtoto huweza kuumwa tumbo mara kwa mara, kukosa choo, kupungukiwa damu, kuwa mkali bila sababu, au kurudi nyuma darasani. Wazazi hudhani ni minyoo au uvivu. Mama mjamzito akiipata, humfikia mtoto aliye tumboni. Ubongo ukishadhurika, dawa haiwezi kuurudisha ulivyokuwa. Ndiyo maana kinga ni bora.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuyeyusha betri mbovu. Katika pwani ya wavuvi kishawishi kipo, kwa sababu risasi iliyoyeyushwa hufaa kutengenezea chubwi za nyavu. Tusifanye hivyo nyumbani hata mara moja. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakichambua betri kuukuu na kuchekecha mchanga wenye risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Karibu nasi zaidi, mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wakazi kukipinga, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman kwa kazi hiyo.

Kinga: Lowesha rangi kwa maji kabla ya kupiga msasa, na tumia msasa wa maji. Usichome rangi kwa moto. Tandika turubai chini, kisha kusanya uchafu wote. Watoto na wajawazito wakae mbali. Betri iliyokufa ipelekwe nzima kwa mnunuzi, isipasuliwe.

2. VUMBI LA BREKI

Lainingi za breki na sahani za klachi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Hii ni nyuzinyuzi ya mawe isiyoungua. Nyuzi zake ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho. Mtu akizivuta hubaki mapafuni, na huweza kuleta makovu ya mapafu au saratani. Ugonjwa huo haujitokezi leo wala kesho. Huweza kuchukua miaka 20, 30 au hata 40. Kijana wa miaka 15 anayemsaidia baba yake leo huenda akaugua akiwa na wajukuu.

Mazoea ya mafundi wengi ni kufungua ngoma ya breki na kupuliza vumbi kwa mdomo au kwa pampu ya upepo. Tuyaache mazoea haya. Mwagia maji yenye sabuni kwanza, futa kwa tambara bichi, tia tambara na lainingi kuukuu katika mfuko wa plastiki, funga, kisha fukia mbali na kisima. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizi. Aidha, nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Huko Ulaya na Marekani wake wa wafanyakazi wa asbesto waliugua kwa kufua nguo za waume zao tu. Basi ziloweke kwanza, na zifuliwe peke yake.

3. GARI KUMWANGUKIA MTU

Hapa hakuna miaka ya kungoja. Ni dakika moja tu. Jeki imetengenezwa kunyanyua gari, haikutengenezwa kulishikilia. Na katika mchanga wa kwetu pwani jeki huzama au hulala upande.

Fanya hivi: Tafuta mahali tambarare. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki. Tia kabari za mti kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Ukishanyanyua, panga magogo ya mti mgumu kwa kupishanisha chini ya chesisi, kisha shusha uzito wa gari juu ya magogo hayo. Usitumie matofali ya saruji, maana hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa nguvu uone kama litatikisika. Wala usifanye kazi chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani.

4. MOTO NA KUCHOMELEA

Wenye Land Rover za zamani wanajua siri yake. Gari hilo lilitoka mara ya kwanza mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, lakini chesisi ikabaki ya chuma. Bodi haioti kutu kama chuma, nayo huweza kuonekana nzima huku chesisi chini imeoza. Tena pale aluminiamu na chuma vinapogusana penye maji ya chumvi, aluminiamu nayo huanza kuliwa. Hivyo kulifufua gari hili pwani mara nyingi ni kuchomelea chesisi. Na tangi la petroli la pikapu hizo liko chini ya kiti cha mbele, hatua chache kutoka chesisi inapochomelewa.

Kwa hiyo tangi litolewe kabisa na liwekwe mbali kabla cheche ya kwanza haijaruka. Na mtu asidanganyike kwamba tangi tupu ni salama. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ukichanganyika na hewa hulipuka kama baruti. Tangi linalovuja lipelekwe kwa fundi mwenye uzoefu wa matangi, au libadilishwe. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu karibu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji.

Mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Mtu hulala vizuri, akaamka usiku wa manane akihisi macho yamejaa mchanga. Miwani ya jua haitoshi. Inahitajika kioo maalumu cha kuchomelea. Watoto hupenda kutazama mwanga huo, kwa hiyo wafukuzwe. Aliyeungua macho asitiwe maziwa ya mama, chai wala dawa ya mitishamba. Afunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na apelekwe kituo cha afya.

5. PETROLI, MAJI YA BETRI NA MOSHI

Kunyonya petroli kwa mpira na mdomo ni hatari kubwa. Tone dogo likiingia mapafuni huleta homa kali ya mapafu. Tumia pampu ya mkono, au fungua nati ya chini ya tangi. Mtu akimeza petroli au mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa kwa nguvu. Kumtapisha ndiko kunakopeleka petroli mapafuni. Mwahishe hospitali.

Maji ya betri ni tindikali ya salfa. Yakimrukia mtu machoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali. Usitie kitu kingine chochote. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo pasiwe na sigara wala koroboi karibu.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba hewa safi. Mtu huanza kuumwa kichwa, hupata kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Mtoe nje haraka kwenye hewa safi, akimbizwe hospitali.

6. JERAHA DOGO, PEPOPUNDA KUBWA

Watu husema kutu huleta pepopunda. Kusema kweli si kutu yenyewe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na bati lenye kutu lililolala chini huviingiza ndani ya nyama. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Akina mama wengi huchanjwa wanapohudhuria kliniki ya wajawazito, lakini baba mtu mzima mara nyingi hajachanjwa tangu utotoni, au hakuchanjwa kabisa. Naye ndiye anayeshika mabati. Akikatwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaulizie chanjo. Mafuta ya breki si dawa ya kidonda, ingawa wapo wanaoyatumia. Ni sumu.

NENO KWA AKINA MAMA NA WATOTO

Sumu nyingi huwapata watoto kupitia chupa. Petroli, tina na maji ya betri visiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi alama. Vitu hivyo viwekwe katika chombo chake, juu, mahali panapofungwa. Oili chafu nayo isimwagwe mchangani. Visima vyetu ni vifupi, na maji yanayotoka uani huishia mikokoni wanakokulia kamba tunaowavua. Ikusanywe kwenye dumu na ipelekwe gereji. Wala isipakwe mwilini kutibu upele, kwani oili iliyotumika huweza kuleta saratani ya ngozi.

Baba naye, kabla ya kumbeba mtoto au kuketi kula, na anawe kwa sabuni mpaka viwiko, abadilishe shati, na aache viatu vya kazi nje ya mlango. Asinawe kwa petroli. Huingia mwilini kupitia ngozi.

KWA UFUPI

Turubai, ndoo ya maji, sabuni, magogo manne ya mti mgumu, kioo cha kuchomelea, dumu la oili chafu na mahali pa kazi pasipofikiwa na mtoto: hivi si vitu vya gharama kubwa ukilinganisha na bei ya giaboksi moja. Anayeweza kungoja miaka mitatu apate kabureta ya Peugeot hawezi kushindwa kungoja dakika tano apange magogo.

Na wewe msomaji, kabla ya kushika spana Jumamosi ijayo, zunguka uani kwako kwanza. Tazama chupa ziko wapi, betri kuukuu imelala wapi, na watoto wanacheza wapi. Pikapu iliyokaa chini ya mwembe miaka 20 inaweza kungoja asubuhi moja zaidi. Tunawatakia kazi njema, ili siku itakapowaka na kushika barabara ya Bungu, wote walioisubiri wapande wakiwa wazima.