Anayetoa yai asisahauliwe

NDOA ikikosa mtoto, lawama humwangukia mke. Huitwa tasa, husimangwa na mawifi, na pengine huletewa mke mwenza hata kabla mumewe hajapimwa. Kwa hiyo habari kwamba mwanamke asiye na mayai ya uzazi aweza kupata mimba kwa yai la mwenzake ni habari njema. Hata hivyo, furaha hiyo isitufumbe macho. Nyuma ya yai hilo yupo mwanamke mwingine, aghalabu kijana, ambaye hatajwi.

Msichana huzaliwa na akiba ya mayai yapata milioni 1 hadi 2, wala haongezewi mengine. Wapo ambao akiba hiyo huisha kabla hawajatimiza miaka 40, na wapo walioipoteza kwa matibabu ya saratani. Mji wa mimba, kwa upande wake, huweza kubaki mzima. Hapo ndipo yai la kupewa linapofaa.

Mtoaji hudungwa sindano za homoni kwa siku 8 hadi 14 hivi, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Yakiwa tayari, hupewa dawa ya usingizi, na mayai hufyonzwa kwa sindano nyembamba ipitishwayo ukeni. Maabarani hukutanishwa na mbegu za mume wa mpokeaji. Kiinitete hukuzwa kwa siku 3 hadi 5, kisha hutiwa katika mji wa mimba wa mpokeaji, ulioandaliwa kwa homoni. Si kila mara mimba hushika. Ikishika, mpokeaji huibeba na kujifungua kama mzazi yeyote.

Dunia imeijua njia hii tangu miaka ya 1980. Hapa Kenya, watoto wa kwanza ambao mimba zao zilitungwa maabarani walizaliwa mwaka wa 2006.

Je, mtoaji? Ovari zikichochewa kupita kiasi huvimba, maji yakajikusanya tumboni, na mara chache hali huwa mbaya hata akalazwa hospitalini. Tena, kwa kuwa mayai ya kijana ndiyo bora, wanaotafutwa ni wasichana wa umri wa chuo. Mwanafunzi anayedaiwa karo, akiwekewa fedha mezani, ataisoma karatasi ya ridhaa kwa jicho gani? Hiari izaliwayo na dhiki ina walakini.

Watakuwepo watakaosema kwamba mwili ni wake na malipo ni haki yake. Kweli, taabu yake yastahili fidia. Lakini fidia si bei. Uingereza huruhusu fidia ya kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka wa 2024 kilipandishwa hadi pauni 986. Aidha, mtoto aliyetokana na yai lililotolewa huko tangu Aprili 1, 2005 anaweza, akitimiza miaka 18, kuelezwa mtoaji ni nani.

Wahenga walinena kwamba kitanda hakizai haramu. Hekima hiyo yatosha kumlinda mama aliyebeba mimba, maana kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini haimwambii mtoto magonjwa aliyorithi yatoka wapi, wala haimkingi asije akaoa ndugu yake bila kujua.

Miswada kuhusu uzazi wa aina hii imefikishwa katika Bunge letu zaidi ya mara moja tangu 2014. Sheria yoyote itakayostahili jina hilo sharti iweke daftari la watoaji, kikomo cha watoto watokanao na mtoaji mmoja, matibabu ya mtoaji akidhurika, na mshauri asiyelipwa na kliniki inayolitaka yai.

Walimu nao wana sehemu yao. Somo la uzazi lisiishie kwenye mchoro wa ovari ubaoni. Binti aujue mwili wake na haki zake darasani, kabla hajakutana na mnunuzi.