Sungura Mwenye Saa Darasani Nyarugusu

Sungura tunayemjua sisi ni mjanja. Hana pembe wala makucha, lakini simba ndiye anayeishia kisimani akipigana na kivuli chake mwenyewe. Sungura wa Lewis Carroll, katika kitabu chake cha Kiingereza kuhusu msichana Alice katika nchi ya ajabu, ni wa namna nyingine kabisa: amevaa kizibao, ana saa mfukoni, amechelewa, na roho haimtulii kwa kuwaogopa wakubwa wanaomngoja. Alice anapomfuata shimoni, msomaji wa Kiswahili tayari ana swali lake: huyu sungura amepatwa na nini? Mwalimu wa Kiingereza aliyeulizwa swali kama hilo kabla hajaandika neno ubaoni ana bahati, kwa sababu somo limeanza na mwanafunzi ndiye aliyelianzisha.

Ninapoandika haya ninawafikiria walimu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilifunguliwa 1996 kwa watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015 Warundi wakaingia kwa wingi, na wakazi wakapita 150,000. Shule za Wakongo hufuata mitaala ya Kongo, za Warundi zilifuata ya Burundi. Kijana wa Kibembe, kwa mfano, hufika kwenye somo la Kiingereza akiwa na Kibembe cha nyumbani, Kiswahili cha Kongo cha sokoni na bombani, na Kifaransa cha daftari. Kiingereza kinakuwa lugha yake ya nne, na bado kuna watu wanaomwita mwanafunzi wa aina hiyo dhaifu wa lugha.

Vitabu vingi vya Kiingereza vya wageni vinampeleka uwanja wa ndege, hotelini, kwenye duka kubwa lenye milango inayojifungua yenyewe. Nia ni njema: kwa miaka mingi Kiingereza kambini kimefungamana na tumaini la kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Ila mazungumzo ya hotelini yana kasoro ambayo haionekani haraka. Mwanafunzi wa Paris anapoyasoma anajifunza maneno tu, kwani hoteli anaijua. Wa Nyarugusu anajifunza maneno na hoteli kwa pamoja, na akikosea hajui amekosea kipi. Tena Januari 2025 Marekani ilisitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Aliyekuwa akisoma kwa ajili ya ndege peke yake anaweza kuliona daftari halina kazi tena.

Nchi ya Alice hakuna mtu anayeijua. Hakuna mtoto wa London aliyewahi kunywa chupa akafupika mpaka akatosha kupita kwenye kijilango, wala kuogelea katika dimbwi la machozi yake mwenyewe. Hapo wasomaji wote ni wageni na wote wanaanzia mlango mmoja. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niitetee hadithi ya ajabu katika darasa la lugha. Na wanafunzi hawa si wageni wa ngano. Aliyekua akisikia wanyama wakisema na majitu yakimeza watu usiku, pembeni mwa moto, hahitaji kufundishwa namna ya kuiamini hadithi kwa muda wa hadithi.

Tuingie kwenye sarufi, maana ndiko faida ilikojificha.

Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Anakimbia" ni yeyote yule. Ndiyo maana wanafunzi wetu, hata waliosoma miaka mingi, husema "he" wakimkusudia mama. Mazoezi ya kujaza nafasi hayaponyi kosa hili, kwa sababu sentensi moja moja haina mtu ndani yake. Katika kitabu hiki Alice yupo karibu kila mstari, kila mara ni "she", na mara nyingi anasema na mnyama au mtu wa kiume. Ukikosea kiwakilishi, hadithi inaharibika papo hapo na wenzako wanakucheka kwa haki. Halafu kuna yule Sungura. Carroll anamtaja kwa "it" anapotoa saa mfukoni, na baadaye anamwita "he" anaporudi amevaa vizuri akijisemea peke yake. Kwetu mnyama ana a- ya uhai tangu mwanzo, kwa hiyo "it" kwa kiumbe anayesema ni jambo la kushangaza. Waulize wanafunzi ni lini hasa Sungura amekuwa mtu. Ni swali la sarufi, lakini watalibishania kama kesi.

La pili ni masharti. Alice akiwa bado anaanguka anawaza: je, angepenya dunia nzima na kutokea upande wa pili, angewakuta watu wa namna gani? Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili: ningekuwa na nauli, ningesafiri. Mwanafunzi anabeba ulinganifu huo mzuri mpaka kwenye Kiingereza na kuandika "would" mara mbili, moja ikiwa imekaa vibaya baada ya "if". Mwalimu wa Kasulu mjini atalazimika kueleza kwa muda mrefu. Wa Nyarugusu ana msaidizi: Kifaransa. Huko nako "si" haifuatwi na umbo la masharti, na mwanafunzi aliyepitia sekondari ya Kikongo ameikariri kanuni hiyo mpaka basi. Mwambie tu kwamba katika jambo hili "if" ni ndugu yake "si". Nimeona walimu wakikataza Kifaransa darasani kana kwamba kinachafua hewa. Wanajinyima bure.

Nakala je? Moja inatosha. Carroll, ambaye jina lake halisi ni Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford, alifariki 1898. Kitabu chake cha 1865 hakina tena mwenye hakimiliki, na mwalimu yuko huru kukinakili, kukikata na kukirahisisha. Asome aya fupi kwa sauti mara mbili, kwa mwendo wa kawaida. Wanafunzi waandike maneno waliyoyadaka tu, kisha wanne wanne waijenge upya aya hiyo. Wakongo wamezoea imla ya Kifaransa, ambayo huhukumu kila herufi. Hapa kinachotakiwa ni aya iliyosimama vizuri na yenye maana ileile, hata kama maneno si yaleyale. Mabishano ya kundi, yakichanganya lugha tatu, ndiyo kazi yenyewe.

Kurahisisha ni lazima, tusidanganyane. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji huhitaji kujua takriban maneno 98 kati ya 100 ili asome hadithi bila msaada na aielewe vya kutosha. Kitabu kizima kina sura 12, na zimejaa michezo ya maneno na mashairi yanayodhihaki mashairi ambayo hata Waingereza wa leo wameyasahau. Hayo yaacheni. Chukueni shimo, chupa, dimbwi, kiwavi, karamu ya chai na kesi ya mwisho.

Mwanafunzi akikwama, Kiswahili kipo karibu. Mwaka 1940 ilitoka London tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies, "Elisi Katika Nchi ya Ajabu", ambamo michoro ya awali ilichorwa upya na Elisi akawa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, msomi mwenye asili ya Zanzibar, akakitafsiri kitabu upya: "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu". Majina hayo mawili tu yanatosha kipindi kizima. "Katika" na "ndani ya" vinatofautianaje, na Kiingereza kingesemaje kila kimoja?

Kesi ya mwisho, ambapo Malkia anataka adhabu itangulie hukumu, naipenda isomwe pamoja na "Kusadikika" ya Shaaban Robert, ya 1951: nchi inayoelea angani, Karama kizimbani, na mashtaka kwamba anafundisha sheria. Wanafunzi wasimulie kwa Kiingereza namna Karama anavyojitetea. Watakuwa wanatoa kitu chao, na Kiingereza kitalazimika kukifuata.

Kiwavi nimemweka mwisho kwa makusudi. Anamuuliza Alice yeye ni nani, na Alice anashindwa kujibu, kwa kuwa tangu asubuhi amebadilika mara nyingi mno. Kambini swali hilo huulizwa na watu wenye fomu: jina, mwaka wa kuzaliwa, ulivuka lini, na nani. Majibu huhifadhiwa mahali, na kesho yake yanalinganishwa. Mwalimu asilifanye zoezi lake lifanane na hilo. Aruhusu jibu la kubuni, la utani, la mtu ambaye mwanafunzi angependa kuwa, hata la sungura. Asisahihishe kwa wino mwekundu wala asikusanye. Kila mmoja aondoke na karatasi yake.