Mtoto wa Ulimi Mkubwa: Tumbo Lake Liangaliwe

Ndugu na akina mama wa vikundi vya Fedha, mtoto akizaliwa mkubwa kupita kiasi, ulimi unatoka nje, kitovu kimetokeza, ama mguu mmoja ni mnene kuliko mwingine, watu husema eti amerogwa. Sivyo. Huenda ni ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann, ulioitwa hivyo kwa majina ya madaktari walioueleza mwaka 1963 na 1964. Ni hitilafu katika mbegu za ukuaji, si kosa la mama.

Wengi hukua vizuri. Lakini wachache hupata uvimbe kwa figo, kwa ini, ama kwa tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Uvimbe wa tezi hizo pengine ni maji au damu tu, hupungua wenyewe. Pengine ni saratani.

Basi tufanye hivi:

1. Mtoto apelekwe kliniki. Mama Lucy Kibaki iko karibu. Ikihitajika atatumwa Kenyatta.

2. Apigwe picha ya tumbo, ile ya waja wazito, kila miezi 3 hadi miaka 7 hivi. Haiumi.

3. Uvimbe ukionekana, hupimwa damu na mkojo. Mwingine huangaliwa tu, mwingine hutolewa kwa upasuaji.

4. Tusimkande tumbo. Akiota nywele za utu uzima, chunusi, ama sauti ikiwa nzito, akimbizwe hospitali.

Kila familia ijiandikishe SHA. Na kwa vile tarehe ya picha inajulikana mapema, chama kiweke akiba ya nauli kila mwezi, asibaki mtoto nyumbani.