Betri ya taa za dagaa: kwa nini inakufa mapema?
Wavuvi wengi wa dagaa Ziwa Victoria wameacha karabai, siku hizi wanatumia taa za LED na betri. Shida inaanzia dukani: ukinunua ya gari, umenunua sahani nyembamba za risasi, zilizoundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si taa usiku kucha. Chukua ya sola, sahani zake ni nene.

Betri ikitumika, salfeti ya risasi hujijenga kwenye sahani, ukichaji, inaondoka. Ukiiacha tupu, inakuwa fuwele ngumu, haitoki tena. Kwa hiyo ukifika mwaloni, chaji siku hiyohiyo. Imepumzika na mita inasoma volti 12.2? Imebaki karibu nusu, usiendelee. Maji yakipungua, ongeza ya betri yasiyo na asidi, sio ya ziwani.

Na wewe wa Rudewa mwenye sola nyumbani, kanuni ni hizohizo.