Baridi Iliyoandikwa kwenye Dumu la Oili

Kaa nusu saa kwenye gereji yoyote ya Babati iliyo karibu na barabara ya Arusha kwenda Dodoma, utaliona jaribio lenyewe. Fundi anachovya kidole kwenye oili, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anakunja uso, kisha anatoa hukumu: "Hii nyepesi, mzee. Weka ya arobaini kavu." Mwenye gari, ambaye mkonga wake umeshinda msimu mzima ukibeba mbaazi kutoka Galapo, anaitikia kwa kichwa na kwenda dukani.

Mkonga, kwa asiyeujua, ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari ambalo Toyota ililitoa mwaka 1984 na sura yake haijabadilika sana mpaka leo. Jina limetokana na bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Nyingi za huku zina injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, imekuwapo tangu 1990. Tumbo lake linameza zaidi ya lita 9 za oili kwa mara moja, kwa hiyo kosa la kuchagua si la bei ndogo.

Sasa soma dumu. Limeandikwa 15W-40. Wengi hudhani W ni uzito. Siyo: ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kupanga oili kwa madaraja ya mnato mwaka 1911, na kwa nchi ambazo gari hulala nje kwenye theluji ilibidi ijulikane kama oili itakubali kusukumwa na pampu asubuhi. Oili ya 15W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Babati mwezi Julai watu huvaa makoti na kulalamika, lakini hata kileleni Hanang, mita 3,417, baridi ya namna hiyo haijulikani. Nusu nzima ya namba tunayobishania dukani inahusu hali ya hewa ambayo mji huu haujawahi kuiona.

Namba ya pili ndiyo yetu. Inasema oili ina unene gani ikichemka kufikia nyuzi 100, joto la kawaida la injini inayofanya kazi. Na hapa fundi wetu ameteleza kidogo: arobaini kavu, yaani oili yenye namba hiyo moja tu bila W, na 15W-40, zote zikiwa moto, ziko daraja moja. Kidole kinapima oili iliyopoa, injini inaitumia ikiwa moto. Tofauti yao iko alfajiri. Kwenye 15W-40 kuna nyuzinyuzi za polima ambazo hujikunyata oili ikipoa na kujikunjua ikipata moto, ndiyo maana haigandi sana asubuhi wala haiwi maji mchana. Arobaini kavu haina ujanja huo. Ukiwasha gari saa kumi na mbili inachelewa kufika juu kwenye tapeti, nawe unazisikia zikigonga. Kwa haki ya fundi niseme kwamba nyuzi hizo za polima hukatikakatika kadiri kazi inavyoendelea, na oili iliyokaa muda mrefu hupungua unene kweli. Kidole chake hakidanganyi kila mara.

Lakini unene siyo unaoua mikonga ya Babati. Vumbi ndilo linaloua.

Tangu lami ya kilometa 251 kutoka Dodoma izinduliwe Aprili 2018, kupita Babati kumekuwa raha. Ila mkonga haukununuliwa kwa ajili ya lami. Unanunuliwa kwa ajili ya njia za mashambani, machimbo ya mchanga, kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Bashnet kwa gia ya pili, na kiangazi gari la mbele linakuachia wingu ambalo hulioni mwisho wake. Ndani ya vumbi hilo mna punje za kwazi, jiwe gumu kuliko chuma cha beringi. Krenki inapozunguka haigusi beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Filta ya oili hunasa vizuri punje zinazozidi mikroni 20 au 30. Zile ndogo, ambazo ukubwa wake unalingana na utando wenyewe, zinapita, zinazunguka, zinarudi. Oili inakuwa kama dawa ya kusugulia sufuria, ikilamba ringi na kuta za silinda mpaka gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Hakuna oili ya bei yoyote inayoyeyusha mchanga. Kazi hiyo ni ya kichujio cha hewa na mpira wa bomba lake, na mkonga wenye ufa kwenye maungio ni pambo tu.

Inachoweza oili ni kubeba uchafu na kuutoa nje unapoimwaga. Hivyo swali zito kuliko la namba ni: unaimwaga lini? Desturi ni kila kilometa 5,000. Fanya hesabu kidogo. Gari linalokimbia lami kwa kilometa 80 kwa saa hufikisha 5,000 kwa saa 62 na nusu. Mkonga unaojikokota mashambani kwa kilometa 20 kwa saa huzifikisha kwa saa 250. Kilometa ni zilezile, ila injini imefanya kazi mara nne. Wenye matrekta wa Magugu na Bonde la Kiru walishalimaliza jambo hili zamani, kwa kuwa trekta halina habari na kilometa. Lina mita ya saa, na saa 250 ndicho kipindi cha kawaida cha kumwaga oili kwa matrekta mengi. Mkonga wa shamba ni trekta lenye viti. Mimi ningeumwagia kwenye kilometa 2,500 msimu wa vumbi, hata kama oili yenyewe si ya kifahari.

Kisha kuna herufi, ambazo wauzaji wengi huzipita. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, hugawa oili kwa kazi: zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Daraja la CF-4 lilitoka 1990, rika moja na 1HZ. CI-4 lilitoka 2002, mwaka ambao Manyara nayo ilikatwa kutoka Arusha ikawa mkoa. Kwa injini hii CI-4 ni chaguo ambalo sioni sababu ya kulikwepa: ina sabuni ya kutosha kushika masizi na kuzimua asidi inayotokana na salfa ya dizeli, ingawa salfa yenyewe imepungua sana tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zihamie dizeli ya sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. CK-4 ya 2016 nayo inafaa, ila utakuwa unalipia vitu vilivyowekwa kwa ajili ya injini zenye vichujio vya moshi, ambavyo 1HZ haina.

Sabuni hiyo ndiyo inayoleta ugomvi. Mtu anaweka oili mpya asubuhi, jioni anachomoa kijiti anakuta nyeusi tii, anarudi dukani akidai ameuziwa feki. Feki zipo, na dumu tupu ni vizuri kulitoboa lisije likajazwa tena. Ila weusi kwenye dizeli si ushahidi. Ni masizi yaliyoshikwa yasigande kwenye pistoni. Rangi ya kuogopa ni nyingine. Ukivuka mto uliojaa na kesho yake kijiti kikatoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka oili yote itoke.

Imwage ikiwa bado ya moto, uchafu utoke nao. Weka beseni chini, maana kinachochuruzika mitaroni huelekea Ziwa Babati, na viboko hawakuomba. Mteja wala hatatafutwa: nati ya sampo haijafunguliwa sawasawa, jirani keshafika na galoni kuomba oili chafu ya kupaka nguzo za uzio, mchwa wasizile. Huyo haulizi ni namba ngapi.