Nani kasema tembo wa Afrika hafunziki?

Ukipanda daladala Mapinga kuelekea mjini, unapita Bunju, unapita Tegeta, unafika Mwenge. Kutoka hapo Msasani si mbali. Ukiwauliza watu Msasani kuna nini, watakutajia bahari na hoteli. Lakini mwaka 1879 kwenye ghuba hiyo walishuka tembo wanne kutoka India. Waliteremshwa kutoka melini wakaingia majini, wakaogelea wenyewe mpaka nchi kavu.

Tutarudi kwao. Kwanza tuanze na kauli ambayo bila shaka umewahi kuisikia: tembo wa India anafundishika, wa kwetu ni mkaidi, hafugiki. Kama ni kweli, basi kuna kitu hakieleweki kwenye historia. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, wafalme wa Misri walikwenda vitani na tembo wa Afrika. Waliwapata wapi, na waliwafundishaje?

Baada ya Aleksanda Mkuu kufa, majemadari wake waligawana himaya. Waliotawala Syria na Uajemi walikuwa na njia ya kwenda India, kwa hiyo tembo hawakuwa shida. Waliotawala Misri, ukoo wa Ptolemaio, njia hiyo waliikosa. Ptolemaio wa Pili akageukia kusini. Watu wake walijenga kituo cha uwindaji kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, upande wa Sudan ya leo, kikaitwa Ptolemais ya Wawindaji. Tembo walikamatwa wakiwa hai, wakapakiwa kwenye meli maalumu mpaka bandari ya Berenike, halafu wakavushwa jangwa kwa miguu hadi mto Nile. Meli hizo zilikuwa nzito na nyingine zilizama.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu farasi asiyemzoea tembo humkimbia, hata harufu yake tu inamtosha. Ila silaha hii ina tatizo lake: tembo akijeruhiwa au akiogopa, anageuka na kuwakanyaga wenye mali.

Hilo lilionekana mwaka 217 KK huko Raphia, karibu na Rafah ya leo. Mwanahistoria Polybius anaandika kwamba Ptolemaio wa Nne alikuwa na tembo 73 wa Afrika, na Antioko wa Tatu alikuwa na 102 wa India. Anasema wengi wa wale wa Afrika waliogopa ukubwa, harufu na sauti ya wenzao, wakarudi nyuma na kuvuruga safu za jeshi lao wenyewe. Hata hivyo Ptolemaio alishinda, kwa nguvu ya askari wa miguu.

Sasa hapo ndipo penye utata. Tembo wa savana wa Afrika ni mkubwa kuliko wa India, si mdogo. Kwa miaka mingi wataalamu walitatua hili kwa kusema kwamba tembo wa Misri lazima walikuwa wa msituni, wale wadogo. Mwaka 2014 watafiti wakapima vinasaba kutoka kwenye kinyesi cha tembo wa Gash-Barka nchini Eritrea, kundi dogo lililobaki katika ukanda ule ule. Matokeo: ni tembo wa savana. Hakuna dalili ya damu ya msituni. Huenda basi Polybius alirudia tu imani ya zama zake kwamba kila kitu cha India ni kikubwa zaidi, au tembo wa Ptolemaio walikuwa bado wadogo kiumri.

Kwa hiyo wa savana alifundishika. Je, kuna ushahidi wa karibu zaidi? Ndiyo, na hapa tunarudi Msasani. Wale wanne waliletwa kwa amri ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, chini ya Kapteni Carter, pamoja na wachunga tembo wa Kihindi. Mpango ulikuwa wafike Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wasaidie kukamata na kufundisha tembo wa huku, ili wabebe mizigo iliyokuwa ikibebwa na wapagazi. Walitembea, walivuka mito, walikula majani ya porini. Lakini walianza kufa njiani, na si wote wanne waliofika ziwani. Juni 1880 Carter mwenyewe aliuawa vitani, mradi ukafa naye.

Ungeweza kusema: basi, haiwezekani. Lakini waliokufa ni tembo wa India, wale wanaosifiwa! Na miaka kama ishirini baadaye, kuanzia 1900, kaskazini-mashariki mwa Kongo walikamatwa tembo wa Afrika wakafundishwa kubeba na kuvuta, huko Api, na baadaye Gangala-na-Bodio.

Wapo pia waliojaribu kurudia historia kwa miguu. Mwaka 1959 Mwingereza John Hoyte alimchukua tembo jike aitwaye Jumbo, wa bustani ya wanyama ya Turin, amvushe milima ya Alpi kama Hannibal. Njia waliyoitaka, ya Clapier, iliwashinda. Wakageuza, wakapitia Mont Cenis. Ramani haikuambii tembo atakanyaga wapi, tembo mwenyewe ndiye anayekuambia.

Kosa la ile kauli liko kwenye neno moja. *Kufuga* ni kuzalisha kizazi baada ya kizazi mpaka mnyama anabadilika, kama ng'ombe au mbwa. *Kufunza* ni kumzoesha mnyama mmoja mmoja. Tembo hajafugwa popote kwa maana ile ya kwanza, hata India. Wengi walikamatwa porini. Kwa hiyo tofauti haikuwa kwenye ubongo wa tembo wa Afrika. Ilikuwa kwenye watu: India ujuzi ulirithishwa baba kwa mwana bila kukatika, huku kwetu tembo alithaminiwa zaidi kwa pembe. Waulize Bagamoyo, wanajua ni mizigo mingapi ya pembe iliteremka pale.

Ukienda Saadani ukakutana nao, usimsogelee kwa sababu umesoma hapa kwamba anafunzika. Yule hajafunzwa na mtu. Mpishe njia.